Uliza Mtaalamu: Elektroni zikibanwa ziwe bapa, DFT inakosea wapi?

Barua za safari hii zimetoka zaidi kwa wanafunzi wa uzamili na walimu wanaopiga hesabu za tando nyembamba, nukta za kwanta na minyororo ya atomi kwa njia ya DFT (nadharia ya fankshonali ya msongamano). Hii ni nadharia iliyowekewa msingi na Hohenberg na Kohn mwaka 1964: nishati ya hali ya chini kabisa ya elektroni hupatikana kwa kujua msongamano wake tu, bila kubeba fanksheni ya wimbi ya elektroni zote. Shule ya ASESMA (shule ya Afrika ya mbinu za muundo wa elektroni) iliyofanyika Eldoret mwaka 2012 ni moja ya njia zilizofikisha programu hizi kwa vijana wa ukanda wetu, na sasa maswali yamepevuka.

Jambo moja liwekwe sawa kabla ya majibu. Nadharia yenyewe haina kasoro, elektroni ziwe za dimensheni tatu, mbili au moja. Kinachokadiriwa ni kipande kimoja cha nishati, kile cha mabadilishano na koreleisheni, yaani jinsi elektroni zinavyokwepana kwa sababu ya spini na ya chaji zao. Fomula za kukikadiria, yaani fankshonali, kuanzia LDA, inayotazama msongamano wa mahali pale pale tu, hadi PBE ya mwaka 1996, inayotazama pia gredienti yake, zilishonwa kwa vipimo vya gesi ya elektroni ya dimensheni tatu. Mwili ukibadilika umbo, nguo hiyo hiyo hubana mahali fulani na kupwaya pengine.

Nimehesabu tabaka moja la MoS2 (molibdeni disalfidi) kwa PBE nikapata pengo la nishati, kati ya bendi ya valensi na ya upitishaji, la eV 1.68. Vipimo vya mwanga vinatoa eV 1.85 hadi 1.9. Kwenye silikoni PBE hukosea karibu nusu ya pengo, hapa kosa ni dogo. Je, PBE inafaa zaidi kwenye tando? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Huu ndio mtego unaonasa watu wengi kuliko mwingine wowote katika tando hizi. Namba zimekaribiana kwa sababu makosa mawili makubwa yamefutana.

Mwanga wa eV 1.85 ni nishati ya eksitoni, yaani elektroni na shimo lake vikiwa bado vimeshikana. Pengo la umeme ni kitu kingine: ni gharama ya kung'oa elektroni moja ukatoa ile nishati unayorudishiwa ukiongeza elektroni moja. Linazidi lile la mwanga kwa kiasi kinachohitajika kuvitenganisha hivyo viwili. Katika silikoni nene kiasi hicho ni meV 15 hivi, hakuna anayekijali. Katika utando wenye safu tatu tu za atomi ni nusu eV au zaidi, kwa sababu mistari ya nguvu za umeme kati ya elektroni na shimo hutoka nje ya utando na kupita kwenye ombwe, ambako hakuna cha kuipunguza. Hesabu za GW, ambazo hulenga pengo la umeme lenyewe, hutoa eV 2.7 hadi 2.8 kwa MoS2 iliyo peke yake ndani ya ombwe. Kwa hiyo PBE yako haijakosea eV 0.17. Imekosea eV 1.

Ukitaka mfano uliopimwa pande zote mbili kwenye sampuli za aina moja, chukua MoSe2 (seleni mahali pa salfa) juu ya grafini ya matabaka mawili, matokeo ya mwaka 2014. Ncha ya STM (hadubini inayopapasa uso wa sampuli kwa ncha) ilitoa pengo la umeme la eV 2.18, mwanga ukatoa eV 1.63. Tofauti ya eV 0.55 ndiyo nguvu ya eksitoni, tena hapo grafini iliyo chini imekwisha kuidhoofisha.

Kosa la PBE lina mizizi miwili. Wa kwanza ni wa kinadharia: hata ungekuwa na fankshonali kamili isiyo na dosari, tofauti ya nishati za Kohn-Sham, yaani ngazi za elektroni ambazo DFT hukokotoa, haiwi pengo la umeme. Hupungukiwa na mruko wa potensheli unaotokea idadi ya elektroni inapovuka namba nzima, jambo lililoelezwa na Perdew, Parr, Levy na Balduz mwaka 1982. Katika LDA na PBE mruko huo ni sifuri. Wa pili ni kwamba katika fankshonali hizi kila elektroni inajisukuma yenyewe kidogo, na hivyo hupenda kusambaa kuliko inavyostahili.

Wengi hukimbilia HSE06, fankshonali ya haibridi ambayo huchanganya asilimia 25 ya mabadilishano kamili. Kwa MoS2 hutoa eV 2.1 hadi 2.2: si pengo la mwanga, si pengo la umeme. Sababu inaonekana ukitazama umbali. HSE06 hukata mabadilishano kamili kwa kigezo cha 0.11 kwa bohr (bohr moja ni angstromu 0.53), maana yake baada ya angstromu 5 hivi yanafifia. Kwenye silikoni nene hilo linaleta maana, kwa kuwa mbali huko nguvu za umeme zimepunguzwa kweli kweli na elektroni za jirani. Kwenye utando mambo yamegeuka. Nguvu kati ya chaji mbili hufuata potensheli ya Rytova na Keldysh: hupunguzwa karibu, lakini ukivuka umbali fulani hurudi kuwa ya Coulomb tupu. Kwa MoS2 umbali huo ni angstromu 41 hivi. HSE06 basi inazima mabadilishano mahali ambapo utando hauzimi. Asilimia 25 zilichaguliwa zikafaa molekuli na fuwele nene, na hakuna sababu ya kuzitegemea zifae hapa.

Kabla hujaandika namba yoyote, angalia mambo haya kwenye faili lako. Latisi ya MoS2 iliyopimwa ni angstromu 3.16, ya PBE ni 3.18 au 3.19. Ukinyoosha utando kwa asilimia 1 pande zote mbili, pengo hushuka kwa karibu eV 0.1, kwa hiyo tofauti hiyo ya latisi si ya kupuuza. Spini-obiti (mwingiliano wa spini ya elektroni na mwendo wake) hupasua kilele cha bendi ya valensi kwenye nukta K ya nafasi ya mawimbi kwa karibu eV 0.15, na ukiisahau pengo lako linapanda kwa nusu ya hapo. Ukinyoosha kidogo zaidi, kilele cha nukta nyingine, Γ, kinapita kile cha K na pengo linaacha kuwa la moja kwa moja. Mtu aliyeripoti kwamba "MoS2 ina pengo lisilo la moja kwa moja" mara nyingi tatizo lake ni latisi, si fizikia mpya.

Na ukienda GW, usichukue gridi ya k (nukta za mawimbi ambako bendi hukokotolewa) ya 12×12×1 uliyozoea kwenye PBE ukaridhika. Ukingaji, yaani namna utando unavyopunguza nguvu za umeme, hubadilika ghafla karibu na q = 0 (mawimbi marefu sana), na gridi hiyo inairuka sehemu yenyewe. Ongeza gridi, au tumia njia ya kugawa vipande vidogo karibu na sifuri, na lazima ukate nguvu ya Coulomb kati ya nakala za utando ambazo programu huzirudia juu na chini.

Nikiongeza ombwe kutoka angstromu 20 hadi 40, kigezo cha dielektriki cha MoS2 kinashuka kutoka 5 hadi 3. Programu ina hitilafu? (Mwanafunzi wa uzamili, Kigali)

Programu ni nzima. Unachopata ni wastani wa utando pamoja na ombwe ulilouwekea, na ombwe ni lako, si la MoS2. Kwa upande wa ndani ya ubapa, ε = 1 + 4πα/L, ambapo L ni urefu wa seli na α ni upolarishaji wa utando wa dimensheni mbili. Kwa MoS2 α ni karibu angstromu 6.6. Weka L = 20 unapata 5.1. Weka L = 40 unapata 3.1. Ripoti α, maana hiyo haibadiliki ukibadilisha seli. Ukizidisha α kwa 2π unapata zile angstromu 41 za jibu lililotangulia.

Ombwe halilipiwi fedha lakini linalipiwa muda. Idadi ya mawimbi bapa ambayo programu hujengea elektroni ni ujazo wa seli mara kmax³ gawanya kwa 6π², kmax ikiwa namba ya wimbi ya juu kabisa inayoruhusiwa. Kwa MoS2 yenye urefu wa seli wa angstromu 20 na kikomo cha Ry 60, ni kama mawimbi 9,300. Ukiweka 40 ni 18,600, na kila hatua ya hesabu inakuwa nzito zaidi ya mara mbili. Kwa PBE, angstromu 15 hadi 20 za ombwe tupu zinatosha kwa utando usio na chaji na wenye pande mbili zinazofanana. Utando kama MoSSe, wenye salfa juu na seleni chini, una dipoli. Hapo weka marekebisho ya dipoli: katika programu ya Quantum ESPRESSO ni `tefield` na `dipfield`, ukihakikisha `emaxpos` imeangukia katikati ya ombwe na si ndani ya atomi; katika programu ya VASP ni `LDIPOL` na `IDIPOL = 3`. Kwa utando wenye chaji usitegemee ombwe hata kidogo, nishati itaendelea kubadilika kadiri unavyoongeza urefu. Katika Quantum ESPRESSO tumia `assume_isolated = '2D'`, utando ukae karibu na z = 0.

Unapolegeza latisi, andika `cell_dofree = '2Dxy'`. Bila hiyo `vc-relax` italiona ombwe lako kama nafasi ya kujikunyata na itakula angstromu kadhaa usiku kucha.

Shikamooni. Tunaambiwa LDA "huvunjika" ikibanwa kuwa 2D, lakini vitabu vyetu havionyeshi namba. Inavunjika kiasi gani, na PBE inasaidia? (Mwalimu, Mombasa)

Marahaba. Namba unaweza kuzitoa mwenyewe kwa karatasi na kikokotoo.

Chukua kisima chenye kuta ndefu zisizovukika, upana L, elektroni zote zikiwa kwenye ngazi ya chini kabisa. Msongamano ni n(z) = (2N/L) sin²(πz/L), N ikiwa idadi ya elektroni kwa kila kipande cha eneo. Kwa kipimo cha 2D, N = 1/(πrs²), rs ikiwa nusukipenyo cha duara la kila elektroni. Mabadilishano ya LDA ya dimensheni tatu ni −0.7386 mara jumla ya n⁴ᐟ³. Wastani wa sin⁸ᐟ³ ni 0.4457. Ukikusanya yote, kwa kila elektroni unapata:

εx(LDA) = −(0.566/rs) × (rs/L)¹ᐟ³

na jibu sahihi la elektroni bapa kabisa ni −0.600/rs. Tazama sasa hiyo L iliyoko chini. Ukibana kisima, jibu la kweli linakwenda kutulia kwenye −0.600/rs. La LDA halitulii popote, linazama bila kikomo.

Weka rs = 4 bohr. Jibu la ubapa kamili ni hartree −0.150 (hartree moja ni eV 27.2). LDA kwa L = 10 inatoa −0.104, kwa L = 4 ni −0.142, kwa L = 1 ni −0.225, kwa L = 0.1 ni −0.484, na kwa L = 0.01 ni −1.04. Yaani kisima kikiwa robo ya rs, LDA tayari imezidi kikomo sahihi kwa nusu nzima, na hiyo ni eV 2 kwa kila elektroni. Kisima kikiwa kinene, upana ukiwa sawa na rs au zaidi, hakuna maafa. Ndiyo maana visima vya GaAs vya nanomita kumi na kuendelea vimehesabiwa kwa LDA miaka mingi bila aibu.

PBE haisaidii. Katika PBE mabadilishano ya LDA huzidishwa kwa kigezo kinachoanzia 1 na kuishia 1.804, hakishuki chini ya 1 hata mara moja. Kama LDA imezama bila kikomo, kitu kilichozidishwa kwa 1 au zaidi hakiwezi kuibuka. Ili jibu litulie, kigezo hicho lazima kipungue kwa kasi ya s⁻¹ᐟ² pale gredienti ya msongamano, s, inapokuwa kubwa mno. Makundi mawili ya watafiti, moja la Kim na wenzake na jingine la Pollack na Perdew, yalilipima tatizo hili kwa undani mwaka 2000. SCAN ya mwaka 2015 ilitiwa sharti hilo tangu ilipobuniwa, na kwa hiyo mabadilishano yake hubaki na kikomo kisima kikiwa chembamba.

Tuseme pia lisilosemwa sana: kisima cha bohr 0.1 hakipo duniani. MoS2, grafini na wenzao wana unene wa angstromu kadhaa na elektroni zao za valensi zimesongamana, kwa hiyo kwa umbo na mitetemo ya atomi LDA na PBE hufanya kazi nzuri tu kwenye tando hizo. Mtu akikuambia "PBE haifai 2D" muulize ni kwa kazi gani.

Ninaandika programu ya nukta ya kwanta ya GaAs kwa LDA ya dimensheni mbili. Nitajuaje kama inatoa jibu sahihi? (Msomaji, Morogoro)

Anza na vipimo. Kwa GaAs tumia uzito wa elektroni 0.067 na dielektriki 12.4. Hartree moja ya ndani ya GaAs inakuwa meV 11.86 na bohr moja inakuwa nanomita 9.79. Kosa la kwanza la wanaoanza ni kuchanganya hartree hizi na za kawaida, au kuchukua LDA ya 3D na kuilisha msongamano wa 2D. Programu haitalalamika, itakupa namba tu. Kwenye maktaba ya libxc majina unayotaka ni `lda_x_2d` na `lda_c_2d_amgb`. Hiyo ya pili ni koreleisheni ya Attaccalite na wenzake ya mwaka 2002, iliyotokana na hesabu za Monte Carlo (za kubahatisha kwa kompyuta) za gesi ya elektroni bapa. Programu ya Octopus huzitumia ukiweka `Dimensions = 2`.

Kisha jaribu elektroni mbili kwenye kisima cha paraboli chenye ω = 1. Hapa kuna bahati: jibu kamili linajulikana kwa kalamu, ni hartree 3 barabara. Pita kwa ngazi. Zima msukumano, lazima upate 2. Rudisha msukumano kwa hatua ya kwanza tu bila kuruhusu msongamano ubadilike, lazima upate 2 + √(π/2), yaani 3.2533. Washa Hartree-Fock kamili, yaani mabadilishano bila koreleisheni, inashuka hadi karibu 3.162. Ile 0.162 iliyobaki kufikia 3 ndiyo koreleisheni. Kama programu yako inakwama kwenye ngazi ya pili, usihangaike na fankshonali, tatizo liko kwenye jinsi unavyojumlisha 1/r karibu na sifuri au gridi yako ni fupi.

Sasa pima mabadilishano pekee, kwa msongamano usiobadilishwa n = (2/π)e^(−r²). Mabadilishano kamili ya elektroni mbili zenye spini tofauti ni nusu ya nishati ya Hartree (msukumano wa msongamano wenyewe) kwa alama ya kutoa, yaani −1.253. LDA ya 2D ni −1.0638 mara jumla ya n³ᐟ², na jumla hiyo kwa msongamano huu ni 1.0638, kwa hiyo −1.132. Upungufu ni asilimia 10 hivi, kama LDA ya 3D inavyofanya kwenye atomi. Ukipata upungufu wa asilimia 40, au ziada, kuna π uliyoisahau.

Fanya hivyo hivyo kwa elektroni moja. Peke yake haipaswi kujisukuma, kwa hiyo mabadilishano lazima yafute Hartree yote ya 0.627. LDA yenye spini hufuta 0.566. Inabaki hartree 0.061, meV 0.72 za GaAs, kabla hujaongeza koreleisheni. Nukta za maabara huwa na ħω ya meV chache tu, kwa hiyo usilipuuze ukitafuta tofauti ndogo kati ya ngazi za spini.

Ukilegeza kisima, ω ikawa 0.1 au chini yake, elektroni hutawanyika na kila moja hukaa mbali na mwenzake kadiri iwezavyo. LDA yenye spini hapo huanza kuvunja mviringo wa nukta na kuchora mawimbi ya spini kwenye msongamano. Nishati inayotoka huwa si mbaya, lakini picha usiiamini: nukta ya mviringo yenye hali moja ya chini isiyo na mzunguko lazima iwe na msongamano wa mviringo. Kwa gesi ya 2D isiyo na kisima, Monte Carlo ya Tanatar na Ceperley ya mwaka 1989 iliweka mgando wa elektroni kuwa fuwele karibu na rs = 37; katika 3D hiyo husubiri hadi karibu 100. Bapa huganda mapema.

Matabaka mawili ya grafini hayashikamani kwenye PBE. Nimeweka LDA yakashikamana vizuri, angstromu 3.33. Niendelee na LDA? (Msomaji, Nairobi)

Umbali umetokea vizuri, sababu si nzuri. Nguvu inayoshika matabaka ni ya van der Waals, elektroni za tabaka moja zikitetemeka kwa mpigo mmoja na za tabaka la pili ingawa msongamano wao haugusani. LDA hutazama msongamano wa mahali pale pale tu, haiwezi kuijua nguvu hiyo. Inashika kwa sababu huzidisha mvuto pale mikia ya msongamano inapopishana. Kwa grafiti umbali unaangukia 3.33 dhidi ya 3.35 uliopimwa, lakini nguvu ya kushika ni nusu tu ya inayotakiwa: meV 24 hivi kwa atomi, wakati RPA, hesabu nzito inayojumlisha mitetemo hiyo ya pamoja, inatoa 48 na vipimo vya maabara viko karibu na 52. PBE iko upande wa pili, haishiki kitu, meV moja au mbili mahali fulani nje ya angstromu 4.

Weka D3, nyongeza ya nguvu za van der Waals, juu ya PBE. Katika VASP `IVDW = 12` ni D3 yenye ufifishaji wa BJ (Becke na Johnson). Katika Quantum ESPRESSO andika `vdw_corr = 'dft-d3'`, halafu kumbuka `dftd3_version = 4`, maana usipotaja unapewa toleo la 3 lenye ufifishaji tofauti, na watu wawili wanaosema "tumetumia D3" hutoka na umbali usiolingana.

D3 hata hivyo hujumlisha jozi za atomi, na kwa matabaka mawili yaliyo mbali jumla hiyo lazima ishuke kwa d⁻⁴. Hiyo ni sahihi kwa vihami. Kwa grafini isiyo na chaji ya ziada nishati hushuka kwa d⁻³, na kwa tando mbili za metali kwa d⁻⁵ᐟ², kama alivyoonyesha Dobson na wenzake mwaka 2006. Kwa matabaka yaliyogusana tofauti hiyo haikuumizi. Kwa umbali wa nanomita kadhaa inakuumiza, na hapo RPA ndiyo inayoaminika.

Pembeni uliuliza pia kuhusu kasi ya elektroni za grafini yenyewe: kwenye LDA ni karibu 0.85 × 10⁶ m/s, wakati iliyozoeleka kwenye vipimo ni 1.0 hadi 1.1. Grafini iliyoning'inizwa na kuondolewa chaji karibu zote ilifika karibu 3 × 10⁶ mwaka 2011, kwa sababu msukumano wa mbali haukingwi. LDA haiwezi kuonyesha ongezeko hilo, weka gridi ya k upendavyo.

Mnyororo wa poliasetilini kwenye PBE unatoka na vifungo vinavyokaribia kulingana. Na nikiruhusu spini, mnyororo mwingine wa hidrojeni uliovutwa unakuwa na sumaku. Kipi ni kweli? (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

Katika maabara vifungo vya poliasetilini hupishana kwa angstromu 0.08 hivi. LDA na PBE hupunguza sana tofauti hiyo, Hartree-Fock huizidisha, na haibridi hukaa katikati. Chanzo ni kile kile cha elektroni kujisukuma na kupenda kusambaa. Ila kwanza kagua ufifishaji (smearing) wa ngazi za nishati. Thamani ya Ry 0.02 ambayo watu huinakili kutoka mafunzo ya aluminiamu ni eV 0.27, sawa na joto la kielektroni la zaidi ya kelvini 3,000. Mnyororo wa Peierls, yaani wenye vifungo vinavyopishana hivi, hautapishanisha vifungo katika joto hilo, na fankshonali haina kosa lolote hapo. Shuka hadi Ry 0.002 au tumia ngazi zisizofifishwa, na uweke nukta za k 40 au zaidi kwenye uelekeo wa mnyororo, moja kwenye pande nyingine mbili.

Hidrojeni iliyovutwa ni jambo jingine. Lieb na Wu walionyesha mwaka 1968, kwa suluhisho kamili la mnyororo wa Hubbard, mfano ambamo elektroni husukumana zikiwa kwenye atomi moja, uliojaa nusu, kwamba msukumano wowote ulio juu ya sifuri unatosha kuufanya kihami, na bila mpangilio wa sumaku. LDA isiyo na spini inatoa metali. Ukiruhusu spini, pengo linatokea, lakini limelipiwa kwa sumaku inayopishana ambayo mnyororo wa kweli hauna. Nishati ya jumla inaboreka, msongamano wa spini ni wa uongo. Kwa mifano ya latisi kuna LDA iliyojengwa juu ya suluhisho lile la Lieb na Wu, lililopatikana kwa njia ya Bethe, ya Lima, Silva, Oliveira na Capelle ya mwaka 2003, na hiyo inalipata pengo bila sumaku. Kwa mnyororo mfupi wa atomi 10 hadi 100 wenye msukumano wa Coulomb uliolainishwa, DMRG, njia ya kukokotoa elektroni zote kwa pamoja, inatoa jibu linalokaribia ukamilifu hata kwa kompyuta ya mezani. Piga hiyo kwanza, kisha uweke PBE yako kando yake.

Bendi za Kohn-Sham za mnyororo wa metali zisilinganishwe na vipimo vya ARPES (elektroni zikitolewa kwa mwanga na kupimwa pembe zake) mstari kwa mstari. Katika dimensheni moja spini na chaji husafiri kwa kasi mbili tofauti, kwa hiyo mahali ambapo DFT inachora mstari mmoja, kipimo huonyesha eneo pana lenye kingo mbili.